Sakafu ya Fanueli

Pale yalipo maua ya Sefania ndipo ilipokuwa nyumba yangu. Haikuwa nyumba ya kuringia watu: miti, udongo, bati upande wa mbele na nyasi upande wa nyuma. Lakini moshi ulijua pa kutokea, na mafiga ya mke wangu Mwanamisi yalikuwa hayapoi mwaka mzima. Migomba ilianzia mlangoni ikateremka mpaka kijitoni.

Wakaja watu kutoka Dar es Salaam na kamba na vigingi. Wakatuambia kiwanda cha mbao sasa ni mali ya umma, na sisi wafanyakazi wake haifai tuishi mmoja huku mmoja kule kama nyani, kila nyani na mti wake. Tutakaa pamoja: ukuta mmoja, paa moja, ngazi moja. Huo ndio ujamaa wa mjini, wakasema. Tukapiga makofi. Siku zile ulikuwa unapiga makofi kwanza, unauliza baadaye, na ukiuliza hujibiwi.

Jengo likasimama, la ghorofa moja, nyumba sita chini na sita juu. Mimi nikapewa ya juu, ya pembeni. Aliyelichora sikumwona hata siku moja. Walisema amesoma Ulaya. Asome atakapo, lakini mwezi wa saba hajawahi kulala Lushoto, hilo naapa. Kuta za sebule alizitoboa matundu, tofali za maua maua, ati upepo upite. Upepo! Huku kwetu upepo haungoji kukaribishwa. Huko pwani labda mtu anautafuta, sisi tunaukimbia. Ukungu ulikuwa unaingia kwenye yale matundu asubuhi, unakaa kitini, unatutazama.

Akaja pia Bibi Maendeleo, Secilia, mtoto wa watu wa Soni, kutufundisha namna ya kuishi. Akapanga viti, akapanga meza, akatundika kitambaa cha kudarizi ukutani.

"Sebule ni uso wa nyumba," akasema. "Viti viangaliane, mama, mgeni akikaa asiione jikoni."

"Sawa, mwanangu," Mwanamisi akamjibu. "Na viti vikishaangaliana, ndivyo vitakavyopika?"

Secilia akacheka mpaka akashika mlango. Alikuwa binti mzuri, sina ugomvi naye. Lakini kinu alikikataza. Ukitwanga juu, wa chini anadhani radi. Mafiga yakakatazwa, kuku wakakatazwa, na kuanika mahindi darini kukakatazwa, maana dari lenyewe halikuwapo. Mwanamisi akawa mwanamke wa kukaa kitini akatazamana na kiti kingine.

Chini yetu alikaa Fanueli, mpiga randa wa kiwandani, kijana wa Mlalo, Mlutheri wa kuimba kwaya, na mkewe Yunis. Bomba la bafu letu lilikuwa linavuja tangu siku ya kwanza. Ukioga juu, kwa Fanueli panadondoka. Alikuwa akinikuta kwenye ngazi:

"Shikamoo mzee. Jana umeoga saa ya chai yetu."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Chai ilitoa povu."

Tulikwenda wote wawili kwa Sefania, msimamizi wa jengo, kumweleza bomba. Sefania nilimzidi umri wa kumzaa, lakini yeye ndiye aliyekuwa akisimama akingoja aamkiwe. Akasema fundi atakuja. Fundi huyo mpaka leo yuko njiani.

Mwanamisi alikuwa na kifua. Kule kwetu kwa zamani alikaa karibu na moto, kifua kikatulia. Hapa alijaza matambara kwenye yale matundu ya ukuta, vipande vya kanga zilizochakaa, gunia, magazeti. Nyumba ikapata joto kidogo. Kisha ukaja uvumi kwamba Mheshimiwa mmoja atatoka Dar es Salaam kuja kulitazama jengo, liwe mfano wa wilaya nyingine. Sefania akapita nyumba kwa nyumba.

"Ndugu Shemdoe, haya matambara nini?"

"Baridi, ndugu."

"Jengo la kisasa linavishwa nguo kuukuu? Toa yote."

Nikamwambia mgonjwa je. Akasema mgonjwa avae sweta. Akayachomoa mwenyewe, moja moja, akayatupa uani. Mwanamisi alikuwa kitandani anamsikia. Ukungu ukarudi kukaa kitini. Haikupita wiki mbili, mke wangu akafa, alfajiri, kabla ya adhana.

Wakubwa watasema ilikuwa ahadi yake. Najua kuwa kufa ni ahadi. Lakini kuna mtu alimsukuma mbele.

Dada yake Zainabu alifika kutoka Vuga na wanawake wenzake, na sanda, na kafuri, na majani ya mkunazi. Zainabu ndiye mwosha wa ukoo wao. Akaingia bafuni, akatoka. Akapima sebule kwa macho.

"Shemeji, kitanda cha kuoshea tutaweka wapi?"

"Hapo sebuleni."

"Na shimo?"

Kwetu maiti huoshwa nyumbani kwake, juu ya kitanda cha kamba, na chini yake huchimbwa shimo la kupokea maji. Maji yale hayamwagwi ovyo. Hayakanyagwi. Yakishaingia shimoni, shimo hufukiwa, na juu yake hapapitwi mpaka msiba uishe, na mwenye heshima hapakanyagi kabisa. Hilo hata mtoto analijua. Ila mchoraji wetu alijua matundu tu. Juu ghorofani utachimba nini? Saruji na nondo, na chini ya saruji kichwa cha Fanueli.

"Bafuni?" akauliza mmoja wa wanawake.

"Bafuni hata kitanda hakigeuki," akasema Zainabu. "Na maji yatakwenda wapi? Si mnasema bomba linavuja? Yamdondokee mtu kwenye chai?"

Nikashuka kwa Sefania. Nilimkuta bustanini anasimamia watu wanapanda majani na waridi, pale palipokuwa mlango wangu.

"Nipe hapa uani kipande kidogo tu," nikamwambia. "Tutazungushia kanga, wanawake watamwosha mwenzao, tutafukia. Hata majani nitayarudisha mwenyewe."

"Pole kwa msiba, mzee. Lakini hapa uani hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Mheshimiwa anakuja wakati wowote. Akute shimo la maiti kwenye bustani? Mpelekeni hospitali, kuna chumba cha kuoshea, kina vigae, kina bomba. Mambo ya kisasa."

Zainabu alikuwa amenifuata nyuma. Hakumwamkia wala nini.

"Wewe baba," akamwambia, "huyu ni mke wa mtu. Ameolewa, ametolewa mahari, ana mume, ana nyumba. Ukamwoshe hospitali kama mpita njia aliyeokotwa barabarani? Mama yako aliosha wapi waliokufa kwao?"

"Mama, mimi natekeleza kanuni."

"Kanuni ikifa mtaiosha wapi?"

Wale waliokuwa wanapanda majani wakainamisha nyuso, lakini mabega yalicheka. Sefania akakasirika. Akasema atakayegusa bustani kwa jembe atamwita mgambo. Ndipo nilipoona kwamba nitamzika mke wangu kama mtu asiye na kwake. Nimekata magogo miaka mingi katika kile kiwanda, na ardhi niliyozaliwa juu yake wameichukua. Leo siombi tena shamba, naomba shimo la kupokea maji, nalo limepandwa waridi.

Jua lilikuwa linapanda na maiti haingoji. Nilirudi nikakaa ngazini. Fanueli akatoka kwake, akaketi ngazi ya chini yangu. Alikuwa amesikia yote. Katika jengo lile hata ukikohoa unaitikiwa.

"Mzee," akasema, "kwangu ni chini."

"Najua ni chini."

"Chini ya saruji yangu kuna udongo."

Nikamtazama. Nikadhani ni mzaha wake wa siku zote.

"Wewe Mlutheri," nikamwambia.

"Na udongo je, una dini?"

Yunis alikuwa mlangoni. Nilingoja aseme hapana. Mwanamke mwenye sebule nzuri, iliyopangwa na Secilia, nani atakubali ivunjwe akaingizwa maiti wa jirani? Akamwambia mumewe, "Toa viti nje kwanza. Saruji ikirukia vitambaa haitoki."

Fanueli akaleta mtaimbo. Ile sakafu ilikuwa nyekundu, imesuguliwa kwa nta mpaka unajiona. Pigo la kwanza jengo zima likatetemeka. La pili ikapasuka. Vijana wa Kiislamu wakashuka kumpokea mtaimbo, akakataa. Akasema hii nyumba imeandikwa jina langu, wacha nivunje mwenyewe. Udongo ulipotokea ulikuwa mweusi, wa migomba. Nikaujua.

Kumshusha Mwanamisi ilikuwa kazi nyingine. Ngazi ile imekunjwa katikati kama kiwiko, na aliyeikunja hakufikiria kwamba kwenye nyumba za juu nako watu hufa. Jeneza halikukata kona. Ikabidi tumfunge kwenye mkeka na kumsimamisha, mimi chini, shemeji zangu juu, kama gunia la viazi linalopelekwa sokoni. Mtu aliyekuwa hapendi hata kuonekana kichwa wazi. Sitalisahau, na sitawasamehe.

Wanawake wakafunga mlango wa Fanueli. Yunis alibaki ndani akiwachotea maji. Baadaye Zainabu aliniambia kwamba alishika ndoo mpaka mwisho na hakugeuza uso. Maji yote yakaenda shimoni. Fanueli akafukia, nami nikashindilia kwa mikono, akaweka ubao juu. Adhuhuri tukamsalia, tukamzika.

Kesho yake asubuhi Sefania alikuja na mgambo wawili. Hakuja kwangu.

"Ndugu Fanueli, umeharibu mali ya umma."

"Nitaziba, ndugu. Saruji naweza kuazima."

"Utaziba ukiwa nje."

Nikateremka haraka. Nikamwambia Sefania kosa ni langu, maiti ni wangu, aniondoe mimi. Akanijibu taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba sakafu yangu mimi ni nzima, amekwenda kuitazama. Nikapanda kwa meneja kiwandani. Meneja akasikiliza, akasema suala la makazi liko chini ya kamati. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati. Akasema suala la nidhamu liko chini ya meneja. Kufika jioni Yunis alikuwa amekwisha kukunja mikeka.

"Mzee, usijihangaishe," Fanueli akaniambia, akifunga kitanda kwa kamba. "Mlalo kuna baridi lakini hakuna Sefania."

"Na kazi?"

"Randa yangu ni yangu."

Hakutaka nimbebee hata sufuria. Wakaondoka na lori la viazi lililokuwa linarudi tupu.

Wakaja mafundi, na wa sakafu hawakupotea njiani. Wakaziba kwa saruji, lakini rangi nyekundu haikulingana. Kiraka kikabaki kijivu, urefu wa mtu. Nyumba ile haikupewa mtu. Sefania alisema itakuwa nyumba ya mfano. Secilia akaitwa kuipamba, akaleta makochi, kabati la vyombo, pazia la maua, redio isiyo na betri. Kiraka kikafunikwa zulia jipya. Nilimwendea Secilia nikamwambia kilichomo chini. Akaweka mkono mdomoni. Akasema baba, mimi nimeagizwa zulia likae hapo, lakini nitaweka meza juu ili pasipitwe. Akaweka. Sefania akaja akaiondoa meza. Alisema inabana mlango.

Mheshimiwa alifika siku ya Jumatano. Tukapangwa uani, tukaimba. Kisha akaingizwa nyumba ya mfano pamoja na wakubwa wa wilaya, na sisi wachache tuliochaguliwa tukasimama mlangoni kuwa wakazi wenye furaha. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya mvi. Akashika pazia. Akafungua kabati. Akaenda kwenye matundu ya ukuta, akayasifu, hewa safi namna hii, akasema, na mwenyewe amevaa koti zito.

Halafu akarudi katikati, akasimama juu ya zulia kwa viatu vyake vyeusi vyenye tope la bustanini, akaanza kusema. Akahama mguu huu, akahama ule. Alikuwa mtu wa kusema kwa miguu.

Sikuwa nimepanga neno. Nilisikia tu sauti yangu.

"Mheshimiwa, shuka hapo."

Sefania akageuka, uso umemwiva. Mgambo mmoja akanisogelea.

"Unasemaje, mzee wangu?" Mheshimiwa akauliza.

"Nasema shuka. Hapo hapakanyagwi. Nakuomba."

Akatazama viatu vyake. Akatazama zulia, na lile tope. Akacheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyefurahi kweli, akateremka, akaja mpaka mlangoni akaniwekea mkono begani.

"Mmemsikia mzee huyu?" akawaambia wenzake. "Huyu ndiye mwananchi tunayemtaka. Anailinda mali ya umma hata mbele yangu. Ningekuwa nao kumi kila wilaya!"

Wakapiga makofi. Sefania alipiga kuliko wote. Nikafungua mdomo niseme mke wangu, lakini makofi yalikuwa mengi, na Mheshimiwa alikwisha kuinama, anafungua kamba za viatu. Akaviweka vizuri kando ya mlango, kimoja karibu na kingine. Kisha akarudi palepale juu ya zulia, na soksi zake, akaendelea na hotuba.