Mkono wa Nyar Muhoroni

Nyani yule alinaswa katika mashamba ya miwa ya Muhoroni, na alipofikishwa kituoni alipewa namba tu. Winny, aliyetunza wanyama katika kituo hicho cha utafiti nje ya Kisian, akamwita Nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni.

Kituo kilikuwa kikijaribu chanjo ya kichocho. Winny hakuhitaji kuelezwa maana yake. Mumewe, Oluoch, alikuwa mvuvi wa ziwani huko Dunga. Minyoo ya kichocho ilimharibia ini, tumbo likavimba, na asubuhi moja akatapika damu mpaka akakata roho. Watu waliposema kazi ya Winny ni kutesa wanyama, aliendelea na kazi yake.

Damu ilipohitajika, nyani walikamatwa kwa nguvu. Winny alichoshwa na mayowe yao. Akaanza kumfundisha Nyar Muhoroni kwa ndizi, polepole, mpaka akawa anatoa mkono mwenyewe kati ya vyuma vya kizimba, na kwa ule mwingine anashika kidole gumba cha Winny wakati sindano inaingia.

"Umemfanyia wema," alisema Daktari Naeema, msimamizi wa utafiti.

Lakini Nyar Muhoroni hakuwa amechanjwa. Aliambukizwa minyoo bila kinga yoyote, ili ijulikane chanjo imewasaidia wenzake kiasi gani. Na ili minyoo ihesabiwe, wote walipaswa kufa.

Siku yake ilipofika, Winny alisimama mbele ya kizimba bila ndizi. Nyani alimtazama usoni, akaitazama sindano ya daktari, akatoa mkono. Kisha akatafuta kidole gumba cha Winny, akakishika mpaka nguvu zikamwishia.

Chanjo ilionekana kufaa. Watu wakapongezana. Winny akanawa mikono, akaenda nyumbani, na kile kidole kikawa bado kimeshikwa. Akisonga ugali, kimeshikwa. Kanisani akiinua mikono, kimeshikwa. Akawa analala amekunja ngumi, na bado anashikwa.

Mwishowe akaenda Dunga kwa mama mkwe wake, Selpha. Alimkuta akianika omena, dagaa wa ziwani, akamweleza yote.

Selpha alisikiliza bila kuinua kichwa. "Hiyo chanjo ingekuwepo zamani, Oluoch angekuwa hai?"

"Labda, Mama."

"Na ungeambiwa umpeleke tena yule nyani, ndipo Oluoch aishi?"

"Ningempeleka." Jibu lilimtoka upesi mpaka yeye mwenyewe akaogopa.

"Hata mimi," Selpha alisema. "Lakini usitake nikwambie kwamba alikubali. Hakukubali. Alikuamini."

Nyani wengine walipoletwa, Winny alimwendea Daktari Naeema.

"Nitawafundisha kutolewa damu," alisema. "Lakini siku ya mwisho wapewe kwanza dawa ya usingizi kwenye chakula. Asiwepo wa kunyoosha mkono."

"Hilo linawezekana. Lakini watakufa vilevile, Winny. Utakuwa umemsaidia nani?"

"Sijui, Daktari."

Utaratibu ukabadilishwa. Ulipofika wakati wao, nyani wale walilala mmoja baada ya mwingine, wamegeukia ukuta. Winny alikaa na kila mmoja mpaka mwisho, akijua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwa yeye yupo pale.