Mzizi Mwekundu wa Bi Somoe

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu Bi Somoe, huku anakoroga dawa kwenye kikombe cha bati.

"Wanapika mchana kutwa, usiku kucha, moshi hauonekani wala chakula hakipakuliwi."

Bi Somoe akajidai kuwaza. "Nimeshindwa, mjukuu wangu."

"Nipe mji."

"Chukua Ubungo."

"Ubungo ulishanipa jana!"

"Basi chukua Segerea. Ila gereza lao niachie mie, niwafungie humo wanaonishinda."

Ahlam akacheka, na kicheko chenyewe kikamchosha, ikabidi aegemee ukuta ndipo atoe jibu. "Ni mitokondria, Bibi."

Neno hilo mtoto alilichukua hospitali. Daktari alimweleza mama yake, Wahiba, kwamba ndani ya seli za mwili mna majiko madogo madogo yanayopika nguvu, na majiko ya Ahlam yalikuwa yanazimika. Ndiyo maana kope zake zimelegea. Ndiyo maana mtoto wa miaka tisa anapanda vidato viwili vya kibaraza, kisha anakaa kupumzika kama ajuza. Wakampa vidonge vya vitamini, wakasema dawa ya kuyawasha tena yale majiko bado haijapatikana.

Bi Somoe si mtu wa kuambiwa haijapatikana. Miaka thelathini na mitano anauza dawa za miti kule Temeke, na dawa yake ya uchovu, mizizi mitatu inayochemshwa pamoja, imewainua wazazi waliotoka leba na wapagazi walioishiwa mgongo. Alipoanza kumchemshia Ahlam hapo nyumbani Chamazi, Wahiba alisita, sindano ya cherehani mkononi.

"Mama, na hii haitamdhuru kweli?"

"We si unamjua Daktari Sesilia? Kaipima miaka mitatu na mashine zake. Kasema haina madhara hata chembe."

Wahiba akafikiri, akarudi kwenye cherehani yake. "Haya. Kama maabara wamesema."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shimo, na Bi Somoe alikuwa amelifunika mwenyewe kwa mkeka.

Daktari Sesilia, mtu wa Masasi, mtaalamu wa biokemia, alikuja sokoni miaka mitatu nyuma. Alikuja kwa adabu, akatoa shikamoo, akakaa juu ya gunia bila kulifuta vumbi. Alisema anatafuta miti inayoweza kusaidia hayo majiko ya mwilini. Bi Somoe akampenda. Lakini mama yake Bi Somoe alimfundisha tangu angali kigori: mgeni akitaka dawa yetu, mpe mizizi miwili ya kweli, wa tatu mtilie wowote wa kujazia. Basi akampa hivyo. Mweupe wa kweli, mweusi wa kweli, na mahali pa ule mwekundu akatia kijiti cha porini kisicho na kazi. Hakuona kuwa anadanganya. Aliona anafunga mlango wa nyumba yake, kama kila mtu anavyofunga wake.

Miaka mitatu ikapita, Sesilia akarudi sokoni uso umemshuka. "Haikuzisaidia seli, Mama. Wala haikuzidhuru." Bi Somoe akabeba nusu ya pili ya maneno hayo akaenda nayo nyumbani. Alijiambia, kama ile pungufu haina madhara, hii kamili itayatoa wapi?

Mwezi wa pili wa dawa Ahlam akaanza kutapika. Macho yakaingia umanjano. Vitendawili vikakoma, ukimtegea anakutazama tu. Wahiba akataka kumrudisha hospitali.

"Subiri kidogo," Bi Somoe akasema. "Dawa inapigana humo ndani." Akaongeza kijiko.

Lakini moyo haukutulia. Asubuhi moja akafunga vipande vya mzizi mwekundu kwenye pindo la kanga, akaenda mpaka Kinondoni kwenye maabara ya Sesilia. Alikwenda na tumaini moja: kwamba zile mashine zitauona ule mzizi, zitaukamua nguvu yake yote, na mtoto atasimama.

"Shikamoo, Mama! Leo umekuja mwenyewe?"

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja na aibu." Akafungua fundo mezani. "Huu ndio wa tatu. Ule niliokupa haukuwa wenyewe."

Sesilia aliutazama ule mzizi bila kuugusa.

"Miaka mitatu, Mama," akasema taratibu. "Nimeandika ripoti. Nimefunga utafiti."

"Nitukane basi, lakini uupime."

"Nikutukane wewe, nirudi kwetu niwaambie nini?" Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Nitaupima. Kuna mtu anautumia sasa hivi?"

Bi Somoe akatazama vidole vyake. "Watu... wateja wa siku zote."

"Waambie waache mpaka nikuite."

Akaitikia kwa kichwa. Alijua akilitaja jina la Ahlam ataambiwa amnyime mtoto kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa. Akarudi nyumbani. Siku kumi zilizofuata alichemsha asubuhi, akachemsha jioni, kama kawaida.

Siku ya kumi na moja Sesilia akampigia simu aende. Akamkalisha mbele ya skrini yenye vidoa vya kijani vilivyowaka kama makaa ukiyapuliza.

"Hizi ni seli ambazo hatukuzipa kitu. Hizi tumezipa mizizi yako miwili. Unaona? Zote zinawaka." Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi. "Na hizi tumezipa mwekundu."

"Mbona sioni kitu?"

"Hakuna cha kuona, Mama. Mwekundu unazima majiko. Seli zenye afya zilichukua siku mbili kuzimika. Zile zilizokuwa dhaifu tangu mwanzo hazikumaliza hata asubuhi moja."

"Lakini watu wameinuka! Kwa macho yangu haya nimewaona wakiinuka!"

"Labda wangeinuka wenyewe. Mwenye afya anaweza kuuhimili. Mwenye majiko machache..." Sesilia akamgeukia. "Mama, nani anautumia?"

"Ahlam."

"Ahlam ndiye nani?"

"Mjukuu wangu. Wa Wahiba. Anaumwa hayo hayo majiko."

Sesilia akavua miwani, akaiweka mezani, akashindwa kuivaa tena. "Ungeniletea huu siku ile ya kwanza," akasema, halafu akachukua simu kuwapigia hospitali.

Siku hiyohiyo wakampeleka mtoto. Madaktari wakatazama damu, wakaminya tumbo, wakasema ini limeumia vibaya, na misuli iliyokwisha kulala hawana cha kuiamshia. Waliuliza kama alipewa kitu cha kienyeji. Bi Somoe akajibu yeye mwenyewe, akawapa na kipande kilichobaki. Halafu akatoka akaenda ukumbini alikokaa Wahiba, akamweleza yote, tangu gunia la sokoni mpaka skrini nyeusi.

Wahiba hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Uliposema maabara wamepima, walipima ipi?"

"Nyingine."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Baada ya wiki tatu wakaruhusiwa kurudi Chamazi, maana hospitali nayo haikuwa na kingine cha kumfanyia. Wakamlaza Ahlam kwenye godoro sebuleni, karibu na mlango ili apate upepo. Shingo ilikuwa haishiki tena kichwa. Wahiba akahamishia cherehani pembeni yake. Yeye na mama yake waliamkiana, walikula sinia moja, walizungumza habari za umeme na majirani.

Siku ya tatu, alasiri, mtoto akafungua macho. Sauti ilitoka kwa shida, lakini ilisikika.

"Bibi. Maji."

Mtungi ulikuwa karibu na goti la Bi Somoe. Akanyanyuka haraka, akachota kwa kikombe, akapitisha mkono chini ya kichwa cha mjukuu wake ili akiinue.

Cherehani ikasimama.

"Acha, Mama," Wahiba akasema, kwa upole kabisa, huku ananyanyuka. Akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akaenda akamwaga yale maji nje, akarudi akachota mengine. "Nitampa mwenyewe."