Nyumba ya Wasiosalimiana

Siku ya tano ya kunyamaza, saa nne asubuhi, mama mkwe wangu aliingia akiwa ameshika viatu vyake mkononi. Tulikuwa watu wanane, tumekaa sakafuni juu ya mito, macho tumefumba, na nje ukungu wa Londiani ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Nilimjua kabla sijafumbua macho. Niliijua harufu ya leso yake, moshi wa kuni na samli, na nilijua jinsi anavyopumua akitoka kupanda mlima, pumzi fupi fupi kama mtu anayepuliza moto. Nikajiambia kama tulivyofundishwa: kusikia, kusikia. Haikusaidia chochote.

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa amesimama mlangoni akimtazama mwanamke mzee aliyekaa mbele yetu, kichwa kimenyolewa chote, nguo nyeupe. Akatutazama sisi tuliokaa chini, hakuna aliyeinuka kumsalimu mgeni. Akaniona. Kisha akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu Kisii angefanya akiingia nyumba kama ile. Akaweka viatu chini, akafungua kitambaa chake, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga nduru.

Sikumlaumu. Hata mimi nilikosea vivyo hivyo mara ya kwanza.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, mwaka huo huo wa sabini na tatu. Nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Nanda, mke wa Bwana Karuna, Mceylon aliyekuja kusimamia utengenezaji wa majani chai katika kiwanda kimoja upande wa Mogogosiek. Yeye na wenzake walikodi nyumba ya mbao huko Londiani, nyumba ya mlowezi aliyeondoka wakati wa uhuru, na mara mbili kwa mwaka walikusanyika humo wakae kimya. Mara ile nilipelekwa kupika. Nilipomwona yule mzee aliyenyolewa, mtawa wa dini yao ya Budha waliyemwita Maniyo, nilimshika mkono nikampa pole kwa msiba. Kwetu kichwa kama kile ni cha mjane, au cha aliyezika mtoto. Changu chenyewe kilikuwa kimeanza tu kuota nywele.

Nikamfuata Mama Nanda jikoni. "Mama, kwani ni nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bilhah."

"Basi wamegombania nini? Tangu asubuhi hakuna aliyemsalimu mwenzake."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Wamenyamaza ili wasikie."

"Wasikie nini?"

"Hiyo kila mtu anajisikilizia mwenyewe."

Niliona ni upuuzi wa watu walioshiba. Lakini nikiwa namenya viazi niliwatazama dirishani wakitembea barazani polepole kuliko kinyonga, na jambo moja lilinishangaza. Walikuwa wanaweza kusimama. Mimi nilikuwa siwezi.

Tangu Gichana mume wangu afe, mwezi wa tisa wa mwaka uliotangulia, sikuweza kutulia. Trekta la kubeba majani lilipinduka kwenye mteremko wa matope, naye alikuwa amekaa juu ya magunia. Baada ya mazishi nilirudi shambani kuchuna, lakini miguu ilinitoa kwenye mstari wangu ikaniingiza kwa wengine. Nyapara Irungu aliniuliza, "Bilhah, unachuna majani au unayakimbiza?" Nikikaa, kiti hakipati joto kabla sijainuka. Mama Nanda aliponichukua nyumbani kwake, nilikuwa naosha vikombe visafi mara tatu.

Na sikuwa nimelia. Hilo ndilo lililokuwa kubwa. Kwenye kaburi la Gichana wanawake walipiga nduru mpaka ng'ombe wakakata kamba, mimi nikasimama na macho makavu kama mtu anayengoja gari. Watu waliona. Mwanamke asiyemlilia mume wake, watu hawaishi kumpima. Mama mkwe wangu, Dorcus, alisema mbele ya wote kwamba Gichana aliamka na homa siku ile na mimi ndiye niliyemfukuza kitandani aende kazini. Sikujibu. Akaondoka na mtoto wangu Sellah mgongoni, ana miaka miwili, ati anamlea mpaka nipate akili.

Sikujibu kwa sababu nilijua ukweli. Asubuhi ile Dorcus alikuwa ametutembelea pale laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikuwa nje nakusanya kuni, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe, "Mwanamume halali mchana kama nguruwe. Amka, watakuandikia utoro." Gichana akaamka. Hilo nililibeba mwaka mzima bila kulitamka, kama mtu aliyefunga mbwa mkali nyuma ya nyumba na anajua siku atakayomfungulia.

Mwezi wa nane ikaja barua ya shemeji yangu Mosoti. Matanga ya Gichana yatamalizwa Jumapili ya tarehe kumi na tisa. Nije nimlilie mume wangu mbele ya ukoo. Nisipolia, nirudi nilikotoka, na Sellah nimsahau, yeye ni wa kwao.

Nilimwonyesha Mama Nanda. Aliisoma mara mbili. "Wiki hiyo tuko Londiani," akasema. "Safari hii usipike. Kaa na sisi. Siku sita, Jumapili mpaka Ijumaa."

"Mama, mimi ni Msabato. Sitasujudia kitu."

"Nani amekuambia usujudu? Kaa na pumzi yako. Pumzi haina kanisa."

Nikaenda. Nitasema kweli: sikwenda kutafuta utulivu. Nilienda kutafuta machozi. Niliwaza nikikaa kimya siku sita yatakuja, niyabebe mpaka nyumbani yakiwa bado moto.

Hayakuja. Kilichokuja ni magoti. Siku ya kwanza magoti, ya pili mgongo, na njaa siku zote, kwa maana chakula cha mwisho kilikuwa saa sita mchana, baada ya hapo ni chai ya rangi tu. Tulifundishwa kutazama pumzi inavyopita puani, na chochote kinachokuja kukipa jina lake bila kukifukuza. Kuumwa, kuumwa. Kuwaza, kuwaza. Mimi niliwaza mambo ambayo hayana hata haya: kuku aliyeibwa tukiwa watoto, bei ya chumvi, kama Sellah bado anaogopa radi. Niliinuka mara kumi na mbili siku ya kwanza. Nilihesabu. Kila nikirudi Maniyo alikuwa pale pale, kama mawe matatu ya jiko.

Siku ya tatu, tukitembea barazani, inua mguu, peleka, weka, niliona ile asubuhi ya kuni. Niliiona tena nzima, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Nilipokuwa nje ya mlango na kuni mkononi, nilikuwa nakuja mimi mwenyewe kumwambia Gichana aamke. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilipomsikia mama yake ametangulia, nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, amenipunguzia.

Nilisimama na mguu mmoja hewani. Mzungu mmoja wa Nakuru aliyenifuata nyuma karibu anigonge.

Usiku huo na siku iliyofuata sikupata raha hata ya kumeza mate. Mbwa niliyemfunga mwaka mzima alikuwa ameshagundua harufu yangu.

Basi ndipo Dorcus akaingia na viatu mkononi. Baadaye nilikuja kujua jirani yangu wa laini alikuwa amemwambia nimeolewa na Mhindi huko Londiani. Alikuja kunitoa kwa nywele. Lakini alipoona watu wamekaa chini, bila salamu, na mwanamke aliyenyolewa, aliwaza ni matanga, na kwenye matanga ya watu hata adui huweka fimbo nje.

Nduru yake ya kwanza ilikuwa ya adabu tu, ya mgeni. Ilikuwa na vituo vyake vyote. "Oooi, mmebaki na nani! Oooi, nyumba imepoa!" Akachungulia kati ya vidole, akaniuliza kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, "Marehemu ni wa nani?"

Sikujibu. Mzungu wa Nakuru alifumbua macho akayafunga tena. Maniyo hakutikisika. Nilingoja mtu ainuke, amshike mkono, amtoe nje. Hakuna aliyeinuka. Kwenye matanga ya kwetu mtu akilia, wengine humpokea, wakamsaidia, wakambembeleza, na kilio kinapata mahali pa kwenda. Pale hapakuwa na wa kumpokea. Kilio chake kiligonga mbao za ukuta, kikamrudia.

Akapiga nyingine, ikakatika. Akapiga ya tatu, na humo ndani likatoka jina la Gichana.

Akakaa sakafuni. Alilia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho, hata kaburini. Hakikuwa na vituo wala maneno, kilikuwa kama mnyama anayekohoa. Alilia muda mrefu. Kisha akaanza kusema, uso ameuinamia sakafu, na katika watu wote mle ndani ni mimi tu niliyeelewa Kikisii.

"Nilimwamsha mimi. Alikuwa na homa, mwili moto, nikamwita nguruwe. Neno la mwisho nililompa mwanangu ni nguruwe." Akageuka, akanitazama. "Na wewe ulisikia. Ulikuwa nje na kuni. Nilikuona mlangoni. Nilikusingizia mbele ya watu ili unijibu, tugombane, yaishe. Hukujibu. Mwaka mzima hukujibu! Huko kunyamaza kwako kumenila, mama Sellah, kumenila mpaka mfupa. Sema basi. Leo sema."

Nilikuwa na kila kitu mkononi. Ningesema tu, ndiyo, nilisikia, na Jumapili ningesimama mbele ya ukoo niseme yote, mtoto angekuwa wangu. Au ningeendelea kunyamaza, na kanuni ya nyumba ile ingenificha vizuri.

Nilitazama pumzi. Ilikuwa inapita, fupi na moto. Kuogopa, kuogopa. Nilijua nikitoa lile neno la tatu, nililoliona barazani, nitakuwa nimempa kamba ya kunifungia. Jumapili angeweza kuwaambia, amekiri mwenyewe kwa mdomo wake.

"Mama," nikasema. Sauti yangu ilikuwa na kutu. "Nilisikia. Lakini nilikuwa nakuja kumwambia hivyo hivyo. Ulinitangulia tu. Nilifurahi uliponitangulia."

Alinitazama. Sikuweza kusoma uso wake. Hakunikaribia, nami sikumkaribia. Kengele ndogo ikalia, watu wakainuka kwenda kutembea barazani, wakapita kando yetu taratibu kama maji yanavyopita mawe. Maniyo alikuwa wa mwisho. Alichukua mto wake mwenyewe, akauweka karibu na Dorcus, akaenda zake.

Dorcus alikaa mpaka Ijumaa. Basi lilikuwa limeshaondoka, kisha mvua, kisha nadhani hakutaka tu kuondoka. Jioni ile alipopewa kikombe cha chai ya rangi, alinivuta leso. "Chakula kiko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Watu gani hawa?" akanong'ona. "Ghala limejaa viazi, wao wanalala njaa?" Lakini alikunywa. Kesho yake nilimwona barazani nyuma ya Mzungu wa Nakuru, anainua mguu, anapeleka, anaweka, uso umekunjamana kama anavuka mto. Tulipanda basi pamoja na hatukuongea. Sikujua ninapelekwa nyumbani au kwenye hukumu.

Jumapili watu walijaa uani. Nilikaa chini na wanawake, macho makavu, na wazee wa kike walinitazama kama watu wanavyotazama mbingu mwezi wa pili wakingoja mvua. Sellah sikuruhusiwa kumshika. Alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amelala. Tulipomaliza kuomba, Mosoti akasimama.

"Shemeji," akasema, "mwaka umeisha, na ukoo huu haujasikia sauti yako. Watu wako hapa. Tusikie."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Hakukuwa na kitu.

Dorcus akainuka.

"Mosoti, kaa chini." Alisubiri mpaka akakaa. "Siku ile Gichana aliamshwa na mimi. Mliyoyasikia mengine niliyasema mimi, na yalikuwa uongo. Na huyu amelia. Nilimsikia huko Londiani kwa masikio yangu haya. Alilia mpaka Wazungu wakashindwa kuinuka."

Mzee mmoja alikohoa. Mimi nilifungua mdomo nimsahihishe, na macho yake yakanifunga.

Nilienda Londiani mara nne zaidi, mpaka Mama Nanda aliporudi kwao. Niliendelea kuwa mkaaji mbaya, wa kuinuka inuka, Maniyo alinizoea. Kulia kwangu kulikuja miaka mingi baadaye, mchana mmoja wa kawaida nikipepeta wimbi, na hakukuwa na mtu wa kupima.

Lakini Jumapili ile Dorcus alipita katikati ya watu wote mpaka nilipokaa, akafungua leso, akamteremsha mtoto mapajani mwangu.

"Shika mtoto wako," akasema. "Mgongo wangu umechoka."

Sellah alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Mdomo ulikuwa wazi, na pumzi yake ilinipiga mkononi, ikaondoka, ikarudi. Watu walianza kugawa chakula. Waliniita mara mbili, tatu. Nilikaa naye pale pale mpaka alipoamka mwenyewe.