Kidungusi cha Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni nesi. Alipotumwa kusaidia hospitali ya mji mwingine kwa majuma kadhaa, alituachia ufunguo wa chumba chake na agizo moja tu.

"Mama, kile kidungusi changu cha dirishani msikimwagilie. Kiacheni kilivyo."

Kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto, kimejaa miiba, ndani ya chungu cha udongo. Zamani kilikaa dirishani kwa marehemu mama yake, na nyumba ile ilipouzwa, ndicho kitu pekee alichoomba. Kila mwaka kilitoa vijiua vya rangi ya waridi vikizunguka utosi wake kama ushanga.

Sasa, mzee wangu ni fundi cherehani, na moyo wake ni laini kuliko vitambaa anavyoshona. Hawezi kuona kitu kina kiu.

Asubuhi moja niliingia kufagia, nikakuta kidungusi kimechanua ua moja kubwa jekundu, katikati kabisa ya utosi. Nikafurahi. Lakini siku zikapita na ua liko vilevile, halifumbi usiku, halinyauki. Tena, zamani kila nilipopita pale miiba ilinivuta uzi wa sweta, maana ncha zake zilipinda kama ndoana. Nikapitisha mkono. Hakuna kilichonasa. Nikaligusa ua. Lilikuwa kavu kama karatasi, na chini yake gundi.

Nikamfuata mzee kwenye cherehani yake.

"Baba watoto, lile ua limechanua lini?"

"Ua gani?"

"Lile la gundi."

Akaweka mkasi chini. "Muuza miche kaniambia linadumu."

"Litadumu kweli! Litatuzika mimi na wewe."

Hakucheka. Akanieleza yote. Alikuwa akikipa maji kila siku, kikombe kizima, kwa huruma tu. Kikalainika chini, kikawa cha kahawia, kikalala upande kama mlevi. Hofu ikamwingia, akakimbia kununua kinachofanana nacho.

"Usimwambie," akasema. "Yule mtoto kabakiwa na nini kingine cha mama yake?"

"Na cha zamani kiko wapi?"

"Nimekitupa nyuma ya nyumba, kwenye majani makavu."

Tulikwenda wote wawili. Chini kilikuwa uji mtupu, kinanuka. Lakini ubavuni, karibu na utosi, kilikuwa kimezaa kitoto kidogo kama kifungo cha koti, kijani, kizima. Tukakifunga kwenye kitambaa, tukakipeleka kwa muuza miche.

Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho bila kutucheka, nami sikulisahau hilo.

"Mlichonunua hapa miiba yake imenyooka," alisema, "na ua lake la kweli ni la njano. Hilo jekundu hubandikwa na wanaoniletea, wateja hupenda. Cha mkwe wenu ni cha ndoana. Si ndugu hata kidogo." Akakikata kitoto kwa wembe safi. "Kilazeni kivulini kidonda kikauke. Kisha kikalisheni juu ya mchanga mkavu. Maji hapana, mpaka kishike mizizi. Nani anayemwagilia kwenu?"

Nikamtazama mzee.

"Basi mama, ficha kikombe."

Nilipotoa pesa, akausukuma mkono wangu.

Mkwe aliporudi, mzee alimngoja mlangoni. Hakumpa nafasi hata ya kutua begi.

"Mwanangu, nimekiua kidungusi cha mama yako. Kwa maji. Kimebaki kitoto chake, nacho sijui kama kitapona. Nilitaka kukudanganya kwa kingine, mama yako huyu akanikamata."

Mkwe aliingia chumbani, akafunga mlango. Chakula cha jioni hakuja kula. Na siku zilizofuata alimwamkia mzee kwa adabu zote, "Shikamoo, Baba," kisha akapita. Heshima ilikuwa kamili, haikupungua chembe, nayo ndiyo iliyomchoma mzee. Angefokewa angelala usingizi. Mara nyingi nilimwona ameshika sindano bila kushona.

Nilitamani kuwasuluhisha, nikajizuia. Jeraha la mtu haliharakishwi.

Kisha asubuhi moja sauti ikatoka chumbani. "Baba! Njoo mara moja."

Mzee akaenda na futi yake ingali shingoni. Nami nikafuata, nani angebaki? Mkwe alisimama dirishani, kile chungu mkononi, kitoto kimekaa juu ya mchanga.

"Kivute kidogo. Polepole."

"Mimi? Nitakiharibu."

"Kivute, Baba."

Akakishika kwa vidole viwili, kama anayechomoa pini kwenye hariri. Akavuta. Kidungusi hakikutoka. Kiling'ang'ania, mchanga ukainuka kidogo pamoja nacho.

"Kimeshika," mzee akasema.

"Kimeshika." Mkwe akachukua kijiko cha chai, akachota maji, akamkabidhi. "Leo kinywe. Kijiko kimoja tu, Baba. Na mimi nasimama hapa hapa nakuangalia."