Siku Fundi Yensi Alipofagia Ngazi za Mkunya

Wiki nzima Selestina alikuwa anaokota vizibo. Siyo soda, jamani, vizibo! Anaingia dukani kwa Baba Cecil, anapiga shikamoo, anainama chini ya kaunta, anaokota. Anatoka hapo anaenda baa, anaokota. Enzi hizo ruksa ya biashara ilishaingia, soda za kila rangi zimejaa mpaka vijijini, kwa hiyo vizibo vilikuwepo bwerere. Shida ilikuwa wazee wa drafti. Wale kete zao ndiyo hivyo hivyo vizibo, na binti kawapitia wakiwa wameenda kula.

"We Selestina, kete zangu ziko wapi?" akafoka Mzee Barnaba.

"Shikamoo babu. Nitakurudishia Jumapili jioni."

"Marahaba. Na mpaka Jumapili nicheze na meno?"

"Kwani unayo ya kutosha, babu?"

Wenzake Mzee Barnaba wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Selestina huyoo, kiroba mgongoni, kaondoka.

Sasa ngoja nikwambie vizibo vya nini.

Selestina alikuwa mtunza stoo kwenye karakana ya mradi wa maji, pale Newala. Bosi wake alikuwa Mjerumani mmoja kijana, mrefu kama nguzo ya simu, anaitwa Yensi, fundi wa pampu, mtu wa mji wa Bremeni. Na huyu Yensi, usimwone hivi, ndiye aliyehangaika na mitambo mpaka maji yakapanda kutoka bondeni yakafika Mkunya, kijijini kwa akina Selestina. Wewe wa kwenye mito huwezi kuelewa. Juu ya uwanda huku mvua ikinyesha maji yanapotelea mchangani, hivi hivi unayaona. Mama yake Selestina, Mama Dominika, alishuka lile bonde tangu binti mdogo. Anashuka kiza hakijaisha, anapanda na ndoo kichwani jua liko utosini, na ikifika nyumbani ndoo yenyewe nusu imeshamwagikia shingoni. Magoti yakaisha. Ikafika mahali anashuka kwa kukalia makalio, kama mtoto. Halafu siku moja bomba likakohoa pale karibu na kanisa, likatema kutu, likatema maji. Mama Dominika akalisogelea. Alikaa chini kwenye tope akanawa uso, akalowa kanga na yote.

Kwa hiyo nyumba ile ukimtaja Yensi, umemtaja ndugu.

Saa ya chai pale karakana, Yensi alikuwa na hadithi za kwao. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila akikolea anaongea haraka kama anafukuzwa. Akasimulia eti Bremeni kila Januari watu wanajipanga ukingoni mwa mto, wamevaa suti, wanamleta fundi cherehani na pasi yake ya moto mkononi, aangalie kama mto umeganda barafu, avuke bila kulowa.

"Fundi cherehani?" Sultani akauliza. Sultani ndiye alikuwa fundi mwenzake, mtu wa Tandahimba, mdomo haupumziki. "Na mto ukigoma kuganda?"

"Siku hizi haugandi kabisa. Wanaenda hivyo hivyo, wanacheka, wanakula."

"Sisi tungemtuma fundi wetu, angerudi kusema hata mto wenyewe hajauona!"

Akasimulia tena kwamba wakati wa baridi wanatoka kwa makundi, wanaburuta mkokoteni wa pombe porini, wanacheza michezo njiani, mwisho wanakula mboga ya majani na soseji halafu wanamtawaza mmoja mfalme. Sultani akasema hao ni watu wake hao, basi tu pombe ndiyo imemzuia kuhamia.

Halafu akasimulia la kufagia. Mwanamume wa Bremeni akitimiza miaka thelathini hajaoa, siku hiyo hiyo marafiki zake wanamshika, wanamvalisha kofia ndefu, wanampeleka kwenye ngazi za kanisa kuu katikati ya mji. Wanamwaga vizibo vya chupa, magunia kwa magunia. Afagie! Akimaliza kona hii wanamwaga kona ile. Watu baki wanasimama kumzomea. Na haachiwi mpaka msichana ambaye hajaguswa na mwanamume aje ampige busu.

"Na wanawake je?" Selestina akauliza.

"Wao wanasugua vitasa vya milango."

"Dada Sele," Sultani akadakia, "anza kuzoea vitasa, siku zinakimbia!"

Selestina akamtupia tambara la grisi. Walivyocheka wote, Yensi peke yake akawa anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani.

"Rafiki zangu wote mimi nimewamwagia," akasema. "Wote. Jumapili hii ni zamu yangu, na mimi niko hapa. Jumatano narudi nyumbani moja kwa moja, lakini siku itakuwa imepita. Ikipita imepita." Akanyanyua mabega. "Kwetu mtu ambaye hakufagishwa, watu wanasema, masikini, hana watu."

Neno hilo Selestina hakulala nalo vizuri. Hana watu! Mtu aliyeinywesha kata nzima apande ndege akijua huku Mkunya alikuwa hana watu? Haiwezekani. Kesho yake kamvuta Sultani nyuma ya stoo.

"Tumfagishe."

"Kanisani? Dada, mimi Mwislamu."

"Ngazi ziko nje, kaka."

"Basi kwenye ngazi nimo. Kofia niachie mimi."

Padri Nathanaeli ndiye alikuwa mgumu kidogo. Kufagia akakubali palepale, ngazi zenyewe zilikuwa chafu. "Sasa hilo la busu, mwanangu. Juu ya ngazi za kanisa?"

"Kwao ni kanisa kuu kabisa, Padri."

Padri akakuna kidevu weee. "Saa hiyo mimi nitakuwa naangalia kengele," akasema.

Vijana wa kwaya wakaambiwa, wenye duka wakaambiwa, mafundi wote wakaambiwa. Mtu mmoja tu Selestina hakumwambia, mama yake mzazi. Kisa? Mama Dominika na siri ni kama chujio na maji. Angemwambia asubuhi, mchana Yensi mwenyewe angekuja kuuliza aje na ufagio gani. Selestina akaona amefanya akili kweli kweli. Kumbe.

Jumapili misa ikaisha. Yensi alikuwa amekuja kuaga waumini, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Anatoka mlangoni anashikana mikono na watu, mara anasikia chwaaa! Sultani huyo, amemwaga kiroba cha vizibo kuanzia ngazi ya juu, vinaruka, vinalia, vinateremka mpaka uwanjani. Gasper wa kwaya akamwaga maganda ya karanga. Mwingine makapi ya mtama.

Yensi akasimama. Akaangalia chini. Akaangalia watu. Uso ukaiva mwekundu kama bibo la korosho. Halafu akaelewa! Akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

"Thelathini!" Sultani akapaza sauti, anamvalisha kofia ya boksi la sabuni iliyopakwa masizi. "Wenzio wana watoto wa kutuma dukani! Inuka, fagia!"

Ufagio wa chelewa ukaletwa, ule mfupi wa kuinama, na Yensi na urefu wake ule akajikunja kama kisu cha kukunja. Watu wakalia kwa kucheka. "Kona hiyo!" "Huyo hajawahi kufagia, ndiyo maana hajaoa!" Selestina moyo ukawa mweupe. Limekubali!

Halikuchukua muda.

Mama Dominika alikuwa nyuma anaongea na wenzake wa umoja wa akina mama. Kugeuka, anamwona nani? Fundi Yensi kainama, anafagia, watu wanamzomea, uchafu wanamwagia miguuni. Yule mama alipasua watu kama mtumbwi.

"Hamna haya!" akapiga kelele. Akamnyang'anya Yensi ufagio. "Mtu aliyenitoa bondeni mimi, leo afagie nimesimama namwangalia? Mgeni! Mtoto wa mwenzenu! Mama yake akisikia huko aliko atasema sisi watu?"

Na akaanza kufagia yeye. Wenzake wakaona aibu, kanga zikafungwa kiunoni, mmoja kakata tawi, mwingine katoa ufagio wa kanisa, hao wameingia. Akina mama wa Mkunya wakiamua kufagia usibishane nao. Dakika chache ngazi zinang'aa kama sahani. Yensi kabaki amesimama na kofia yake ya boksi, mikono mitupu. Anatabasamu, lakini ni lile tabasamu la mtu anayeshukuru chakula asichokula.

"Asante, mama," akasema polepole. "Basi, inatosha. Asanteni." Akaanza kuivua kofia.

Selestina akaona yote yanamponyoka. Akiivua ile kofia ndiyo imekwisha, anapanda ndege hakufagishwa. Lakini afanyeje? Kumnyang'anya mama yake ufagio mbele ya kanisa zima? Binti wa nani aliwahi kufanya hivyo? Watasema karakana imemharibu.

Akashuka ngazi. Akashika mpini.

"Mama, lete."

"Niachie, Selestina!"

"Mama, siwezi kuachia. Hii ndiyo mila ya kwao. Mwanamume akifika umri huu anafagishwa na watu wake. Asipofagishwa ni kwamba hana watu."

"Mila gani ya kumdhalilisha mtu?"

"Siku nacheza unyago, mama, si mlinizomea? Kungwi kanifanyisha yale yote, shangazi zangu wananicheka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pembeni. Nalia."

"Uliingia ukanichezea?"

"Ningeingiaje? Ya mtu ni ya mtu."

Fagio za akina mama zikasimama hewani. Mama Dominika akamwangalia Yensi kuanzia viatu mpaka kofia ya boksi, kama ndiyo kwanza amemwona.

"Kumbe huyu anatolewa, kama wa jandoni?" akauliza.

"Anatolewa, mama."

"Na mimi nimemharibia!" Akapiga paja. "Mbona hukuniambia, we mtoto?"

"Ningekwambia, mama, hata Masasi wangejua."

"Kweli," Mama Dominika akakubali, watu wakaangua kicheko. Akamrudishia Yensi ufagio kwa mikono miwili. Halafu akainama, akachota vizibo vyote walivyokuwa wamevirundika chini, akapanda mpaka ngazi ya juu, akavimwaga. Vyote! Machozi yanamtoka na mdomo unamtukana: "Fagia, mvivu wee! Mrefu bure! Mwanamume mzima hata chelewa hujui kushika!"

Basi weee, hapo sasa ndiyo ikawa sherehe. Akina mama wale wale waliosafisha wakageuka ndiyo wachafuzi wakuu. Vigelegele, ngoma ikatoka sijui wapi, mtu akifagia ngazi ya juu, ya chini imeshajaa. Yensi anafagia, jasho linamtiririka, shati jeupe limekuwa la kahawia, na kila akitukanwa ndiyo anazidi kung'aa.

Likabaki la busu. Wasichana wa kwaya wakaanza kusukumana, kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzie, na baba zao wako palepale wamekunja mikono. Nani atathubutu?

"Pisheni!" Bibi Anjelina huyo, mama yake Mama Dominika, fimbo inatangulia. "Mume wangu anafagia tangu asubuhi, nyinyi mnamtolea macho?"

"Bibi," Sultani akasema, "anatakiwa ambaye hajaguswa na mwanamume!"

"Babu yenu kafa hata bendera ya uhuru hajaiona. Vitu vyote hivyo vimesharudi, mwanangu, vipya!"

Padri Nathanaeli akaikazia macho kengele kama inataka kuanguka. Bibi akamvuta Yensi shingo, maana alikuwa hamfikii, akampiga busu la shavu lililosikika mpaka kwenye bomba. Mkunya nzima ikapiga yowe.

Yensi alibaki amemshika yule bibi mabegani. Alitaka kusema kitu, Kiswahili kikamkimbia, akasema cha kwao. Hakuna aliyeelewa na hakuna aliyeuliza. Akafuta uso kwa mkono wa shati, akajipaka masizi ya kofia mpaka masikioni.

"Haya, umeshatolewa," Selestina akamwambia. "Weka ufagio, ukale."

Yensi akakataa. Kwao ukishabusiwa unaachiwa, lakini vizibo bado vilikuwa vimetapakaa, akarudi kuinama mwenyewe, taratibu.

Mama Dominika akamgeukia binti yake. "Sasa naruhusiwa?"

"Sasa ruksa, mama."

Akauchukua ule ufagio wa kanisa, akashuka kwa magoti yake yale yaliyopata nafuu, akainama kando ya Yensi. Wakafagia wawili, ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka. Walipofika ya chini Mama Dominika akasimama, akanyoosha mgongo, akamwonyesha kwa kidole.

"Mwanangu, pale umeruka."

"Wapi, mama?"

"Pale. Rudia."

Yensi akarudi, akarudia.