Nobert Amwakisi Baba Mkwe

Mimi Rusi, shangazi yake Phionah, sina subira na semina. Mtu anatoka Bwera mzima, anaenda Kasese, anarudi anaongea kama redio. Nobert, mchumba wa Phionah, alirudi na semina ya lugha na akili, akatusomesha bila kuombwa. Kuakisi, alisema, ni kumfuata unayeongea naye: akiinama unainama, akishusha sauti unashusha, mpaka moyo wake ukuzoee. Nanga ni kuifunga furaha kwenye mwili, kwa mfano kwa kubana kidole, ili siku ya shida ukikibana tena furaha irudi. Na fremu ni kulitazama jambo lilelile kupitia dirisha jingine, hata baya likaonyesha uzuri wake.

Kaka yangu Tefiro, baba wa binti, alikunja uso.

"Mutu iko anasomea kugeuza mioyo ya watu, nitamupa mutoto wangu namna gani?" aliniuliza. "Siku atamudanganya, tutajua na nini?"

Lakini siku ya utambulisho ilikuwa imeshapangwa. Phionah aliniganda jikoni nimtetee mchumba wake, maana anajua baba yake akikataa, amekataa.

Nobert akaja, akakaa macho chini kama adabu inavyotaka. Sasa mtu ataakisije asichokiona? Akawa anachungulia kwa pembe ya jicho. Tefiro naye siku hiyo gego lilikuwa linamtesa, akashika shavu. Nobert akashika shavu. Tefiro akaguna, Nobert akaguna. Nilimkonyeza mpaka kope zikachoka. Kijana mzima, tena mzaliwa wa Kitswamba, hajui kwamba kushika tama ni kwa matanga?

Ndipo akaingia jirani yetu Elise, Mkongomani wa Butembo, na sinia la ndizi za wageni. Akawaona wanaume wawili wameshika tama, wanaguna. Sinia likaanguka.

"Mungu yangu! Nani amekufa?"

Kilio chake kiliwaleta majirani mbio, wengine wameshajifunga kanga viunoni. Tulihangaika kuwarudisha, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tefiro akasimama. "Kijana, unacheka jino langu?"

Nobert akabana kidole. Akabana tena, kwa nguvu. Kilichokuja ni jasho.

"Hapana, baba," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuwa nakufuata ili unipende. Sikujua ni jino. Niko naogopa sana."

Phionah alijifunika uso kwa mikono. Tefiro akaanza kucheka, shavu mkononi, anacheka na kulia kwa maumivu. Moyo wangu ukatua, nikafurahi kuliko bibi harusi.

"Rusi, leta bundu ya muhogo na samaki," akasema. "Huyu ninamupa Phionah. Siku atajaribu kudanganya, watajua mpaka Butembo."