Gari la Baba Halikatwi

"Shuka, mdogo wangu. Unatutia aibu mbele za watu."

Sikushuka. Nilikuwa nimekaa juu ya boneti ya gari la baba, na dereva wa gari la kuvuta alikuwa ameshalifunga minyororo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepatana na watu wa vyuma chakavu: likifika kwao likatwe siku hiyo hiyo, yaishe.

Yaishe nini? Kaka hakuwa na ugomvi na gari. Alichotaka ni baba aache kuendesha, kwa kuwa eti amezeeka, na gari lilipoanza kuzimika njiani akapata sababu. Mimi nafanya kazi mbali. Habari nilizipata kwa mama, nikaja mbio. Baba alisimama barazani, mikono nyuma, kimya. Mzee aliyenifundisha kubishana!

"Kompyuta ya gari imekufa," kaka alisema. "Fundi akaweka nyingine, nayo ikafa."

"Zimeambukizana?"

Dereva alicheka, akajikoholesha.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na mpaka leo kitu kinachonipandisha hasira gereji ni hiki: watu kubadilisha vipuri mpaka gari lipone, badala ya kuliuliza linaumwa wapi. Nikashuka, lakini kwa ajili ya kufungua boneti. Nikaliwasha. Likanguruma vizuri tu. Nikawasha taa kubwa: mshale wa joto ukaruka juu na injini bado ya baridi, taa za dashibodi zikafifia, injini ikazima. Nikarudia, ikawa vilevile. Kompyuta haikuwa na kosa, maskini. Ilikuwa inapewa habari za uongo. Umeme ulitoka kwenye betri vizuri, ila njia ya kurudi ilikuwa imeziba.

Nikagusisha mita ya kupimia umeme, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Wapi! Nikaufuata waya wa arthi, ule unaourudisha umeme, mpaka kwenye bolti inayoubana kwenye bodi. Nikafungua. Pale panapotakiwa chuma kitupu palikuwa na rangi ya buluu, imepakwa vizuri ajabu.

Nikakumbuka. Likizo iliyopita nilimkuta baba akilipaka gari upya kwa mkono wake mwenyewe, ndani na nje, hata kwenye pembe ambazo hakuna wa kuziona. Alifungua kila bolti, akapaka, akairudisha. Alilipenda gari lile mpaka akalizibia pumzi.

Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti. Injini ikawaka mara moja. Nikawasha taa, feni, vifuta vioo, kila kitu, na haikutetereka. Dereva akafungua minyororo yake bila kuambiwa, akaondoa gari lake.

Lakini kaka si mjinga. Aliliona vumbi la buluu kwenye vidole vyangu.

"Nani amepaka rangi chini ya bolti?"

Baba aliinamisha macho. Nikijibu ukweli, funguo zinakwenda. Kaka angesema: si niliwaambia, mzee hajui tena anachofanya? Nikapandwa na ghadhabu, si kwa kaka tu, kwa wote wanaosubiri mzee ateleze mara moja wamfungie ndani.

"Mimi," nikasema. "Likizo ile, nilipomsaidia baba."

"Wewe? Fundi mzima?"

"Mimi. Una lingine?"

Baba alishuka barazani taratibu, akaja mpaka mbele yangu, akanikazia macho.

"Fundi gani anapaka rangi kwenye arthi?" Sauti yake ilifika hadi kwa majirani. "Ndivyo nilivyokulea?"

"Nisamehe, baba."

"Usirudie."

Akapokea funguo mkononi mwangu, na vidole vyake vikabana vyangu kidogo kabla ya kuviachia. Akaketi nyuma ya usukani, akateremsha kioo.

"Na wewe," alimwambia kaka, "umeshachelewa kazini. Panda nikupeleke."

Kaka alinitazama. Akapanda, kiti cha nyuma, akafunga mkanda.